Ngao 24 na mstari wa 19

Wanaonisoma siku zote wanajua kazi inayonipa ugali. Nina kiduka Moshi mjini, kichochoro kimoja kutoka Double Road. Tunatengeneza mihuri, vyeti, makombe na ngao. Mahafali ya kidato cha nne yakianza Septemba hatulali. Miezi mingine tunaishi kwa wastaafu, na kwa yale mabonanza ambayo mshindi wa kwanza anapewa mbuzi na wa pili anapewa kombe langu. Nimechonga majina ya watu wengi kuliko ninaowafahamu.

Wiki tatu zilizopita aliingia kaka mmoja kutoka Arusha, fulana ya kola, ngumi imedariziwa kifuani. Akaniwekea fleshi mezani. Alitaka ngao 24 za mbao, bati la rangi ya dhahabu juu yake, maandishi ya leza. Yeye na wenzake wanataka kuwaenzi watu bora wa karate, judo na taekwondo wa ukanda wetu huu: Arusha, Kilimanjaro, Tanga, Manyara, na wawili wa ng'ambo ya mpaka, Taveta na Voi. Wamarekani wana kitu cha namna hiyo kwa karibu kila mchezo, na jarida lao la Black Belt limekuwa likichagua watu wa sanaa za mapigano tangu 1968. Hawa wa kwetu, kwenye karatasi yao, walikuwa wamekiita Ukumbi wa Maarufu.

Nikamwambia, kaka yangu, hata kibaka wa stendi ni maarufu. Weka Heshima. Akacheka, akatoka nje kupiga simu, akarudi na jibu kwamba wamekubali, uwe Ukumbi wa Heshima. Huo mchango sikuwatoza.

Ukumbi wenyewe bado haupo. Kwa sasa ni sherehe ya jioni moja hotelini Arusha, picha, na ukurasa wa Facebook. Sikumcheka kwa hilo. Nina tabia, mteja akiniletea jambo nisilolijua nalala nalo kwenye simu, na usiku ule nilisoma kuhusu ukumbi wa namna hiyo wa watu wa besiboli wa Cooperstown, Marekani, ambao ndio wengi wanawaiga. Walichagua watano wao wa kwanza mwaka 1936. Jengo likafunguliwa 1939. Kwa miaka mitatu heshima ilikuwepo bila paa, na hakuna aliyekufa.

Asubuhi nikafungua faili la Excel.

Safu ya kwanza jina. Ya pili mtindo. Ya tatu dan, yaani ngazi ya mkanda mweusi. Ya nne maneno ya kuchongwa chini ya jina. Ya tano iliandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: AMELIPA, HAJALIPA. Kiwango kiliandikwa juu kabisa ya karatasi, shilingi 150,000 kwa kila anayeenziwa. Maelekezo ya kaka yalikuwa mafupi: wa HAJALIPA tuwaache kwanza.

Nilishuka nao mmoja mmoja kupanga herufi, kwa sababu jina refu linataka fonti ndogo na bati likishapigwa leza halifutiki, ukikosea herufi umelitupa. Mstari wa 19 mkono ukaganda kwenye mausi. Goju Ryu. Moshi. Dan 8. HAJALIPA.

Ni mwalimu wangu.

Nilianza karate mwaka 1991, nina miaka kumi na tano, Majengo. Ukumbi ulikuwa wa jamii, Jumamosi asubuhi tunafanya mazoezi, mchana kuna kikao cha harusi, usiku disko. Sakafu ya saruji. Tukifika mapema tunainyunyizia maji kulaza vumbi na kuokota vizibo vya soda vya usiku uliopita, maana kizibo kimoja kikikukuta umepiga magoti utakikumbuka wiki nzima. Sensei alikuwa fundi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Alikuja na baiskeli yake ya Phoenix, anaifunga kwenye nondo ya dirisha, anaingia, anainama mlangoni hata kama ndani hakuna mtu. Anahesabu kwa Kijapani, ichi, ni, san, shi, lakini kukaripia anakaripia kwa Kichaga. Wasio Wachaga walijifunza matusi kabla ya kata, ile mipango ya mapigo na hatua unayocheza peke yako.

Alijifunza Dar es Salaam miaka ya 1970 alipopelekwa kozi na mwajiri. Ukimuuliza nani alimfundisha, anaanza mbali, kwa Sensei Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha Goju Ryu pale Zanaki na ndiye wengi wa mtindo huu Tanzania wanayemtaja kama chanzo. Halafu anashuka kizazi kwa kizazi mpaka kwake, kama mtu anayetaja ukoo kwenye posa. Yeye alikuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wa mwanafunzi, na hakuwahi kujisogeza juu hata ngazi moja.

Suti zetu zilishonwa na fundi wa Mbuyuni kwa kitambaa cha marekani, kile kizito cha rangi ya maziwa. Ukifua mara mbili suruali imepanda juu ya kifundo. Na mkanda ulinunua mmoja maisha yako yote, mweupe. Ukifaulu mtihani unaupika. Pakiti ya rangi, maji ya moto, chumvi, unakoroga kwa mwiko mpaka ushike. Njano kwanza, baada ya miezi kijani, halafu kahawia, kila rangi inafunika iliyotangulia, kwa hiyo hakuna aliyeweza kurudi nyuma hata angetaka. Kijani changu nilikipika kwenye sufuria ya uji ya mama wakati yuko sokoni. Nilisugua kwa mchanga na jivu, nikaona imetakata. Uji wa siku tatu zilizofuata ulikuwa na kivuli ambacho mama hakukiuliza. Siku ya nne aliniita kwa jina langu la ubatizo, na mkanda nikaufua mara ya pili huku nalia.

Kuna hadithi inasimuliwa kila dojo, yaani kila ukumbi wa mazoezi, kwamba zamani mkanda uligeuka mweusi wenyewe kwa uchafu na jasho la miaka. Tamu, ila si kweli. Mambo ya dan yalianza na mtu wa judo, Kano Jigoro, aliyefungua shule yake ya Kodokan mwaka 1882 kwenye chumba cha mikeka 12 ndani ya hekalu. Mwaka uliofuata akawapa wanafunzi wawili dan ya kwanza, na mkanda mweusi ukaja miaka michache baadaye. Karate ilikopa utaratibu huo kwake. Funakoshi, aliyetoka Okinawa kuionyesha karate Tokyo mwaka 1922, alitoa dan zake za kwanza 1924. Na Miyagi Chojun, mwasisi wa mtindo wetu wa Goju Ryu, hakumpa mwanafunzi wake yeyote dan mpaka anafariki mwaka 1953. Hata mmoja. Sensei alipenda kutusimulia hilo kila mtu alipoanza kulalamika kwamba mtihani umechelewa.

Sasa hapo mezani kwangu dan zilikuwa kama vitumbua. Niliwahesabu: kwenye orodha ile ya watu 24, wa chini kabisa alikuwa na dan ya tano.

Ningeweza kupiga simu tu, lakini simu ya Sensei ni ile ya tochi, na anaishika sikioni kama anasikiliza redio ya jirani. Jumapili nikapanda bodaboda mpaka Rau. Anaishi ndani ya migomba, nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe mmoja. Ana miaka sabini na sita. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe, na nisingesema mikono ile ni ya mzee mpaka alipojinyoosha.

"Shikamoo Sensei."

"Marahaba binti. Mkao wako umeharibika. Unakaa sana."

Mke wake akatoa viti nje, akaleta mtori. Nilipotaja ngao akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Umekuja kumdai?" Kumbe walishampigia simu mara mbili kuhusu 150,000.

Nikaeleza sijaja kudai, nimekuja kuhakiki, maana nikikosea bati limekwenda. Nikamsomea mstari wake. Mtindo, sawa. Majengo, sawa. Dan ya nane.

Akaweka kijiko chini. "Nani kaniona nafanya mtihani wa nane?"

"Sijui, Sensei."

"Mimi nina mbili. Ya kwanza Dar, ya pili Arusha. Ya tatu mtihani ulikuwa Nairobi, nauli ikaingia kwenye ada ya mtoto."

"Ada ya huyo wa Mwanza," mke wake akadakia, "na simu hapigi."

"Hela si neno," akaendelea Sensei, kama hakusikia. "Hata harusi tunachanga. Ningeuza majani ningewapa. Lakini nane mimi sijafika. Toa nane, weka mbili. Ikishindikana, toa jina." Akarudi kwenye mtori. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumtetea mzee aliyeonewa, kumbe mwenye kesi hana kesi, ana sahihisho.

Nirudi kwenye safu ya tano, maana nikinyamaza itaonekana naogopa kupoteza mteja. Sitaki kuwasema vibaya wale vijana. Hawana mfadhili. Ukumbi wa hoteli unalipiwa, chakula kinalipiwa, ngao zangu zinalipiwa, na mimi sikupunguza bei. Kuchangishana ni desturi yetu, hakuna Mtanzania aliyewahi kuoa peke yake. Lakini AMELIPA ikikaa jirani na DAN 8, anayeisoma ngao miaka ishirini ijayo atajuaje ipi imezaa ipi? Na asiyelipa je? Mzee anayekata majani Rau anageuka HAJALIPA, kana kwamba deni ni lake, wakati kama kuna deni basi ni letu.

Kuna jambo lilinikereketa zaidi ya malipo, nalo liko kwenye safu ya nne, ya maneno. Mistari yote 24 ilikuwa na sentensi moja iliyonakiliwa kutoka juu mpaka chini: "Kwa mchango wake mkubwa katika sanaa za mapigano." Mchango gani? Wa kutoa au wa kupokea? Kwa kazi yangu najua sentensi ya namna hii inatoka wapi. Inatoka kwa mtu ambaye hakumuuliza mwenyewe. Nimeichonga kwa wahasibu, wauguzi na mapadri, ni kubadilisha neno la mwisho tu.

Jina tupu haliwezi kujieleza. Kuna uwanja mkubwa Arusha unaitwa Sheikh Amri Abeid. Waulize vijana wa bodaboda wanaoegesha pale nje alikuwa nani, wengi watakwambia mchezaji wa zamani, au kocha. Alikuwa sheikh na mshairi, mtu aliyewaandikia Waswahili sheria za kutunga mashairi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri, akafariki mwaka 1964. Watu wanapiga kelele za goli chini ya jina la mtu wa vina na mizani. Mimi hilo linanifurahisha, lakini angewekewa sentensi mbili getini tusingemgeuza winga.

Na kuna kisa cha Marangu, ambacho kila mtoto wa huku anakijua nusu. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889. Meyer ana bamba lake getini Marangu. Hawakubeba mizigo yao, na njia ya msituni hawakuijua, kulikuwa na watu wetu. Miaka mia moja ilipotimia, 1989, kamati ya maadhimisho ikataka kuwaenzi na wao. Katika kutafuta, wakaambiwa kuna mzee Marangu anafanana na mmoja wa watu wale, na bado yu hai: Yohani Kinyala Lauwo. Wakamwendea. Mzee hakujua mwaka aliozaliwa. Hata huyo Meyer, mzee hakumkumbuka. Alichokumbuka ni kwamba alipanda mlima na Wazungu, zaidi ya mara moja, na miguuni hakuwa na viatu. Kamati ikapiga hesabu, ikaamua ndiye, na kwa kuwa ndiye, basi lazima awe amezaliwa karibu na 1871. Alifariki 1996. Toa mwenyewe: miaka mia na ishirini na mitano.

Nikiwa mdogo nilisimuliwa hiki kisa kwa fahari, na fahari hiyo sijaiacha. Kuna mtu wa huku alimpandisha yule Mjerumani, hilo halina ubishi, na kama si Lauwo ni jirani yake. Lakini mwangalie yule mzee amezungukwa na kamati imekuja na jibu lake mfukoni. Walimwendea wakiwa wamechelewa miaka mia moja, mashahidi wote wamekwisha zikwa, kilichobaki ni picha, sura inayofanana, na hesabu ya kurudi nyuma. Hakuna aliyedanganya. Walichelewa tu, na aliyechelewa hana budi kukisia.

Ndiyo maana hii habari ya ukumbi wa kanda naiunga mkono pamoja na kasoro zake, na naiunga mkono kwa haraka. Walimu wa kwanza wa karate wa huku kwetu wana umri wa miaka sabini na kuendelea. Cooperstown mchezaji husubiri miaka mitano tangu astaafu, ndipo waandishi wa habari za mchezo wenye uanachama wa miaka kumi wanapiga kura, na lazima apate asilimia 75. Ile 75 naipenda, iletwe. Miaka mitano ya kusubiri ibaki kwao. Wazee wetu wana presha na sukari, na kustaafu hawastaafu, kwa hiyo hiyo mitano ingeanza kuhesabiwa lini?

Ningekuwa kwenye kamati ningeomba mashahidi wawili wa kila jina, na wasiwe wanafunzi wake, maana mwanafunzi atasema nane hata kama ni mbili. Ningefuta safu nyekundu, tuchangishane sisi tuliofundishwa. Ningewaita pia watu wa ngumi, ambao wana historia ndefu nchini kuliko sisi wa mikanda, na siku moja wazee wa pwani wa kirumbizi, wanaopigana kwa bakora katikati ya ngoma. Kaka wa Arusha nilipomdokezea hili la bakora aliniangalia kama nimesema tuwaenzi wacheza bao. Na wanawake. Kati ya 24 mwanamke ni mmoja. Nilimtafuta dada mmoja tuliyemwita senpai, yaani mwanafunzi aliyetutangulia, wa Majengo, aliyekuwa akicheza kata ya Saifa mpaka wavulana wanaacha kuongea. Hayumo. Yuko Tanga, anafundisha shule ya msingi, na nilipompigia alisema hata ngao wakimpa hana ukuta wa kuitundika, nyumba ni ya kupanga.

Sasa ushahidi utoke wapi? Hapo ndipo Sensei aliponishangaza. Nilipokuwa naaga aliniambia subiri, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa salfeti. Ndani yake kaunta buku nne za jalada gumu, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Mahudhurio. Tangu Machi 1984. Kila siku ya mazoezi ina tarehe yake juu, majina pembeni, na alama ya vema kwa kila aliyefika. Alitumia peni ya bluu miaka ya mwanzo, baadaye chochote, kuna mwezi mzima wa penseli. Ada ya mwezi imeandikwa kwa kona, na kwa wengi kona iko tupu na hakuna alipoandika deni. Pembeni mwa ukurasa kuna maneno mafupi, moja moja: Mvua. Msiba ukumbini. Goti. Ameanza kazi. Ana hasira. Amehama Moro. Jina moja la mvulana niliyemkumbuka lina msalaba mdogo wa peni nyekundu, na ukurasa ule hauna mazoezi, una orodha ya rambirambi.

Nikamtafuta senpai. Vema 611, nilizihesabu baadaye dukani, mara mbili. Dan yake hata siikumbuki, na kamati wakiniuliza nitawapa hiyo 611.

Nikajitafuta na mimi. Kwenye jina langu, kuanzia Septemba 1991, vema ina kitu pembeni yake: vema, kisha +1. Vema, +1. Ukurasa baada ya ukurasa. Nilidhani ni alama za kata. Nikamwonyesha Sensei.

"Mdogo wako," akasema. "Si ulikuwa unakuja naye mgongoni?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mama alikuwa na meza ya nyanya sokoni, mtoto ana mwaka, na sharti la kwenda karate lilikuwa niende naye. Nilimfikisha nimemfunga kwa kanga, Sensei ananionyesha kona kwa kidole, namlaza juu ya mifuko ya wenzangu, tunaanza. Akilia, aliye karibu anambeba na zoezi linaendelea. Nilijua Sensei alinivumilia. Sikujua kwamba alimwandika.

Nimeomba hizo kaunta buku nizitolee kopi. Amekubali kwa sharti nisizitenganishe kurasa. Ya tatu panya wamekula kona yote ya mwisho wa 1997. Sehemu hiyo nimeweka karatasi nyeupe nyuma yake ili kopi itoke safi, na sikujaribu kukisia nani alifika.

Kaka wa Arusha nilimpigia Jumatatu. Nikamweleza: mstari wa 19, dan iwe 2, na maneno yawe "Amefundisha Majengo, Moshi, tangu 1984." Na kuhusu malipo, sisi wanafunzi tutatoa. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema kwa adabu kabisa, hilo la malipo halina shida dada, ila dan mbili itashusha hadhi ya wenzake. Atalipeleka kwenye kamati. Mpaka leo naandika haya, ngao zilizokamilika ni za waliolipa, na bati la Sensei liko mezani bado na nailoni yake. Nimeshapanga herufi. Inasubiriwa tarakimu moja.

Mdogo wangu sasa ana miaka thelathini na tano, kimo ni cha mlango, anaendesha Hiace ya Moshi na Marangu. Nilipomsimulia habari ya +1 hakucheka kama nilivyotarajia. Aliniuliza ziko ngapi. Nikamhesabia: 203, mpaka Juni 1993 alipoanza kukataa kubebwa. Akasema basi na yeye anataka karatasi yake. Nilikuwa na kipande cha kadi ya vyeti kilichobaki, nikamchapia usiku ule ule, mpaka wa dhahabu, jina lake, na chini yake: "Amehudhuria mara 203, akiwa mgongoni." Kaunta buku zilikuwa zinarudi Rau Jumamosi, akazipeleka mwenyewe, na hiyo karatasi Sensei akaisoma yote, akatoa peni mfukoni akaweka sahihi. Nikaipiga laminesheni. Imening'inia mbele ya Hiace, jirani na rozari na stika ya bima, na abiria wa kiti cha mbele wanaisoma kuanzia Kiboriloni mpaka mtu mmoja anapopata ujasiri wa kuuliza.